Deki, injini au baharia wa kawaida: kijana wa Moshi na Arusha apite njia ipi kwenda melini

Kila matokeo ya fomu foo na fomu siksi yakitoka maswali yanakuja yale yale, manake nafundisha fizikia hapa Moshi na wanafunzi wanajua mambo ya meli nayafuatilia sana. Ticha nataka kuwa kepteni. Ticha mi nataka injini. Ticha kuna jamaa kaniambia Dar kuna kozi fupi unapata cheti unapanda meli, ni kweli? Na nyuma ya huyo mtoto kuna mzazi ambaye bahari anaiona akienda harusini Tanga au Dar basi, akisikia ubaharia anawaza wale vijana waliozamia meli wakapotelea Ugiriki huko, anaogopa na hana wa kumuuliza. Kwa hiyo naziweka hapa njia tatu: ya deki (yaani darajani, kile chumba cha juu cha kuongozea meli, njia ya kepteni), ya injini, na ya baharia wa kawaida anayeanzia chini. Zote ni kazi halali na za heshima, ila haziwafai watu wale wale.

Pima nini kwanza

Mi naangalia vitu vitano. Elimu ya kuingilia, hela na nani anailipa, muda wa baharini utaupata wapi, mwili hasa macho, halafu cha mwisho ni kwamba siku ukichoka na bahari ukataka kurudi nyumbani Kilimanjaro au Arusha, huo ujuzi utakulisha?

Hicho cha tatu wengi hawakiulizi na ndo kinachowakwamisha, so nakieleza kidogo. Ukisoma uhasibu ukamaliza darasa umemaliza, ila kwenye meli darasa ni nusu tu. Kuna mkataba wa kimataifa unaitwa STCW, ulipitishwa 1978 chini ya IMO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli lenye makao makuu London, na kabla ya hapo kila nchi ilikuwa inajiamulia yenyewe nani anafaa kuongoza meli. Mwaka 1995 ukafumuliwa upya, ikawa kujibu mtihani peke yake haitoshi, lazima ionekane kazi unaiweza kwa vitendo, halafu 2010 ukarekebishwa tena kule Manila. Maana yake kwako wewe wa Moshi ni hii: chuo kinakupa masomo, lakini cheti cha uofisa hakitoki mpaka uwe umekaa melini miezi inayotakiwa, una kitabu cha mafunzo ambacho kila kazi uliyofanya kuna ofisa wa meli kaisaini, na umekwenda kutahiniwa na mamlaka ya serikali ya mambo ya meli, ambayo huku bara ni TASAC na Zanzibar ni ZMA. Bila meli unabaki na diploma yako unasota mtaani.

Na meli zetu ni chache, hilo tuseme wazi. Zamani Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikuwa na shirika la pamoja la meli za masafa, lilianzishwa 1966, lilikuwa na meli kama Harambee na Ujamaa, kijana wa hapa alikuwa na pa kwenda kujifunzia, lile shirika likafa. Ikabaki kampuni ya ubia wetu na Wachina iliyoanza 1967, na kampuni moja haiwezi kubeba makadeti (wanafunzi wa uofisa wanaojifunza melini) wa nchi nzima. Wenzetu wa India na Ufilipino kampuni za meli zinachukua makadeti wengi toka wakiwa chuoni, huku kwetu kadeti mara nyingi anahangaika kutafuta mwenyewe. Ndo maana kwa kila njia hapa chini nauliza kwanza meli ya kujifunzia itatoka wapi.

Njia ya deki

Hii ndo ya kuongoza meli, kupanga safari, kupakia na kupakua mizigo kwa hesabu meli isije ikalala upande. Unaanza kadeti, unakuwa thadi meti, sekondi meti, chifu meti, halafu kepteni. Kwa chuo cha bahari cha Dar, DMI, kuna ngazi ya diploma na kuna digrii, na kinachoangaliwa ni hesabu na fizikia, na kiingereza lazima uwe nacho manake redio na makaratasi yote ya meli ni kiingereza. Wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) anaingia vizuri. Sifa kamili za mwaka unaoomba zisome kwenye mwongozo wa TCU kama ni digrii au NACTVET kama ni diploma, usiamini screenshot ya grupu la WhatsApp.

Hela: ukienda digrii unaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kama wanafunzi wengine, mzazi anapata nafuu. Ila kozi za usalama, kupima afya, kitabu cha baharia (kitambulisho chako cha kazi ya melini), na nauli ya kwenda kuipanda meli vinakuja pembeni na mara nyingi vinatoka mfukoni, so familia ijipange toka mwaka wa kwanza, wasishtukizwe mwishoni.

Muda wa baharini: kiwango cha chini cha kimataifa kwa ofisa wa zamu wa deki ni miezi 12 ya baharini ndani ya programu ya mafunzo iliyoidhinishwa, na angalau miezi 6 kati ya hiyo uwe unashika zamu darajani chini ya ofisa. Kama huna programu iliyoidhinishwa inakuwa miezi 36. Kwa hiyo swali la kwanza ukipiga simu chuoni siyo ada shingapi, uliza programu yao imeidhinishwa, na wahitimu wa miaka ya karibuni meli walizipata wapi. Na jambo lingine ambalo watu wa bara tunajikwaa nalo sana: mkataba unazungumzia meli za baharini, meli inayofanya kazi ziwani tu haihesabiki huko. Mtu anaona ana mjomba Kigoma au Mwanza anasema nitaenda kukaa kwenye meli ya ziwani nikusanye miezi yangu, mdogo wangu hiyo miezi itakusaidia kwa vyeti vya ndani lakini kwa meli za nje haikufikishi. Naziheshimu sana meli za maziwa, ile Liemba ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma kwa reli, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini, hakuna mtu wa meli Tanzania asiyeijua. Lakini kwenye kuhesabu muda sheria ni sheria.

Macho: hapa ndo pana mtego na nitakaa kidogo. Usiku upo darajani, mbele unaona taa za meli nyingine. Kila meli ina taa nyekundu upande wake wa kushoto, ya kijani upande wa kulia, na nyeupe juu kwenye mlingoti. Ukiona taa nyekundu iko upande wako wa kulia maana yake huyo mtu anakatiza mbele yako kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa sheria ya kuepuka kugongana wewe ndo unampisha. Ukiona ya kijani upande wako wa kushoto, yeye ndo anakupisha. Sasa mtu ambaye nyekundu na kijani anazichanganya, na wapo wavulana wengi kuliko wasichana wenye hilo tatizo na wengine hawajijui mpaka wanafika chuo kikuu, huyo hawezi kupewa daraja la meli hata awe na divisheni wani. Miwani siyo kesi, kuna kiwango na ukikifikia ukiwa na miwani unapita, ila rangi hairekebishwi. Kwa hiyo kabla mzazi hujauza ng'ombe nenda na mtoto hospitali yenye kitengo cha macho, hapa Moshi tunayo KCMC, waombe kile kipimo cha vitone vya rangi vyenye namba katikati. Ni cha dakika chache tu.

Kurudi nyumbani: hapa deki ina mlango mwembamba. Kepteni au chifu meti akishuka anaweza kuwa rubani wa bandari, yule anayepanda meli ya kigeni na kuiingiza gatini, au akafanya kazi kwenye tagi (zile boti za kuvuta na kusukuma meli), ukaguzi wa meli, au kufundisha. Kazi nzuri zote hizo, ila ziko Dar, Tanga, Mtwara, Zanzibar. Arusha hakuna. Anayechagua deki ajue maisha yake yatakuwa pwani.

Njia ya injini

Elimu ya kuingilia inafanana na ya deki, hesabu na fizikia, ila hapa aliyesoma ufundi ana faida kubwa. Mtoto wa Moshi Ufundi au mwenye diploma ya mekanika ya Chuo cha Ufundi Arusha tayari anajua kushika spana, kusoma mchoro, kuchomelea, na hayo yote anayakuta tena. Unaanza kadeti, fofu injinia, thadi, sekondi, mpaka chifu injinia, na chifu ni mtu mzito melini, hata kepteni hamwamulii mambo ya mashine hivi hivi.

Kazi yenyewe ikoje? Meli nyingi kubwa za mizigo injini yake imeungwa moja kwa moja na propela, inazunguka taratibu, mara 80 au 100 kwa dakika, na mafuta inayochoma ni mazito, yakipoa yanakuwa kama lami. Inabidi yapashwe moto kupita nyuzi 100 ndo yaweze kupita kwenye nozeli, na kabla ya hapo yanapitishwa kwenye pyurifaya, mashine inayozunguka kwa kasi kubwa kutoa maji na uchafu. Kadeti ndo anaifungua hiyo pyurifaya, anatoa sahani zake moja moja, anazisafisha, anazipanga tena kwa mpangilio ule ule manake ukikosea inapiga kelele na kutetemeka au inamwaga mafuta, na anafanya hivyo kwenye chumba chenye joto la nyuzi 40 na zaidi huku meli inayumba. Asiyependa mikono michafu asije huku kabisa. Anayependa, atajifunza mambo ambayo karakana za mjini hazina.

Hela ni ile ile, mkopo kwa digrii na gharama za pembeni mfukoni. Tofauti kubwa iko kwenye muda wa baharini na watu hawaisemi. Kwa injinia wa zamu kiwango cha chini ni miezi 12 ya karakana na bahari ikijumlishwa pamoja, na angalau miezi 6 iwe ya zamu kwenye injini rumu. Yaani sehemu ya ule muda unaweza kuumaliza nchi kavu kwenye karakana iliyokubaliwa. Kwa nchi yenye meli chache kama yetu huo unafuu siyo mdogo. Kwa anayekwenda nje ya programu ni miezi 36, na 30 kati ya hiyo iwe baharini kwenye kitengo cha injini, so programu iliyoidhinishwa bado ni muhimu vilevile.

Macho: rangi bado wanapima, kuna nyaya na taa za alamu, ila kiwango chake kimelegezwa kuliko cha deki. Nimeshawahi kuona kijana aliyekwama kwenye rangi kwa deki akapita kwa injini. Masikio nayo ya kuyalinda, kelele za mle ndani ni kali.

Kurudi nyumbani: hapa injini haina mpinzani kwa mtu wa kaskazini. Pale TPC kiwanda cha sukari kinaendesha boila na mitambo ya umeme ya mvuke, mashamba ya maua Usa River yana vyumba vya baridi, maparachichi yetu yanasafiri kwenye makontena ya baridi, hoteli zote kubwa zina majenereta. Mtu aliyetunza boila, friji na jenereta za meli kwa miaka kumi anaingia humo bila kufundishwa upya. Kuna na tawi jipya kidogo la ofisa wa umeme na elektroniki melini, lilitambuliwa rasmi kwenye yale marekebisho ya 2010, aliyesoma umeme aliulizie.

Njia ya baharia wa kawaida

Huyu ni yule wa kuanzia chini. Deki anaanza ODI (baharia mchanga), anakuwa AB (baharia aliyekomaa mwenye cheti), akikaa anakuwa bosani, msimamizi wa mabaharia wa deki. Injini anaanza kusafisha, anakuwa oila (wa kulainisha mashine kwa mafuta), fita (fundi wa kutengeneza na kuchomelea). Na kuna jiko, nitalisema.

Elimu: fomu foo inatosha, na kimataifa umri wa chini ni miaka 16, japo chini ya 18 haruhusiwi kazi za usiku na kampuni nyingi hazimtaki kabisa. Ile kozi fupi ambayo watu wanaisikia ni mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu na kuishi na wenzako melini, juu yake wanaongeza ulinzi. Ni ya muda mfupi kweli, na hata kepteni lazima awe nayo. Lakini jamani hiyo ni ruhusa ya kukanyaga meli, haikupi cheo. Ili uwe baharia wa zamu mwenye cheti unahitaji miezi 6 baharini, au mafunzo maalumu pamoja na angalau miezi 2 baharini. AB ni miezi 18, au 12 kama umesomea. Watu wanauziwa ile kozi ya awali kama vile ndo ajira yenyewe, halafu wanarudi Himo wamekaa, inaniuma sana.

Kwenye kozi ya kujiokoa unaruka majini na jaketi la kuokolea, unapindua boya la mpira lililopinduka, unapanda. Watoto wa mlimani wengi hawajui kuogelea. Jifunze kabla hujaenda, huku kuna mabwawa ya hoteli wanafundisha kwa hela ya kawaida, usiende kuogopea maji huko mbele ya mkufunzi.

Hela: jumla ni ndogo kuliko njia mbili za juu, ila Bodi haikopeshi kozi fupi, kwa hiyo yote ni mfukoni. Muda wa baharini ni rahisi kidogo kuanza nao kwa sababu boti za Zanzibar, tagi na meli ndogo za pwani zinachukua mabaharia, ila mishahara ya huko siyo ya meli za nje na vyeti vinaweza kuwekewa mpaka wa safari za karibu na pwani. Macho kwa deki ni yale yale, huyu naye anasimama zamu usiku kuangalia taa.

Kupanda kwenda uofisa inawezekana: miezi 36 baharini, masomo yaliyoidhinishwa, halafu mtihani. Inataka mtu wa kusoma akiwa amechoka, na wapo wanaofika.

Kurudi nyumbani inategemea ulikuwa nani. Fita anayejua kuchomelea hakosi kazi Moshi. AB wa deki anapata shida kidogo huku juu. Mpishi yeye hana presha, na hapa nawasemesha vijana wa Arusha mliosomea upishi wa mahoteli: mkataba wa kazi za mabaharia, MLC wa 2006 ulioanza kutumika 2013, unataka meli zenye watu kuanzia kumi ziwe na mpishi aliyefuzu mwenye miaka 18 na kuendelea. Cheti chako cha lodge hakitoshi peke yake, utaongeza kozi za usalama na cheti cha mpishi wa meli, ila nusu ya safari umeshaitembea na wengi hamlijui hili.

Dar, Mombasa au nje kabisa

DMI ilianza 1978 kama kitengo cha mafunzo, mwaka ule ule wa mkataba wa STCW, ikawa chuo kamili kwa sheria ya 1991. Faida yake ni kwamba mamlaka itakayokupa cheti ni ya hapa hapa, ukikwama unaenda ofisini mwenyewe. Mombasa kuna Bandari Maritime Academy, zamani chuo cha mamlaka ya bandari ya Kenya, 2018 ikageuzwa chuo cha bahari, na kwa mtu wa Moshi ukipitia Holili na Taveta ni kama kilomita 300 wakati Dar ni zaidi ya 500. Ukaribu usikudanganye ila, kabla hujalipa hakikisha TASAC watakipokea kitabu chako cha mafunzo, au ukubali vyeti vyako vitatoka Kenya. Alexandria kuna chuo cha nchi za Kiarabu kilichoanza 1972, kina meli yake ya mafunzo, Aida 4, na kwa tatizo letu la meli hilo ni jambo kubwa. Gharama ni ya mzazi mwenye uwezo au mwenye ufadhili.

Kwa hali yako

Umemaliza PCM vizuri, rangi unaona, uko tayari kuishi pwani maisha yote na kusubiri meli hata mwaka baada ya chuo: deki ni yako, na anza kuandikia kampuni za meli toka mwaka wa pili.

Una ufundi, au unajua kabisa utataka kurudi kujenga Machame au Ngaramtoni: injini. Na kama kipimo cha rangi kimekukataa kwa deki, kamuulize daktari anayetambuliwa kwa mabaharia kuhusu injini kabla hujakata tamaa.

Nyumbani hali ngumu, unahitaji kuanza kupata mwaka huu: baharia wa kawaida, lakini chagua upande wenye ujuzi wa mkononi, fita au jiko, na weka kumbukumbu ya kila mwezi uliokaa melini na saini yake, hiyo ndo itakupandisha.

Binti anayeuliza kama ataweza: njia zote tatu ziko wazi kwako, vipimo ni vile vile. Ukipata meli uliza mapema kama una chumba chako chenye kufuli na kama kuna mwanamke mwingine kwenye hiyo meli, ni maswali ya kawaida na kampuni ya maana itakujibu.

Na mzazi, kwa njia yoyote ile: akitokea wakala anataka milioni ili mtoto apate nafasi melini, usitoe. MLC inakataza kumtoza baharia hela ya kutafutiwa kazi. Kinachoruhusiwa kuwa juu yake ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti. Mwombe huyo wakala jina la meli na namba yake ya IMO yenye tarakimu saba, itafuteni mtandaoni mwone kama ipo na iko wapi, halafu pigeni simu TASAC muulize kama wakala anatambulika.